Hodi Kwenye Kompyuta

Hodi huko Dodoma, mjukuu wangu Paskalina,

Huku Daa hatujambo. Maharage tumeshaanika, na ng'ombe wa babu yako amezaa ndama jike, basi babu hana habari nyingine.

Umeuliza kwa nini Desemba nilipiga hodi kabla ya kugusa kompyuta yako. Ulinicheka wewe! Sasa nakujibu.

Nilipokuwa karani wa hoteli pale Karatu, ofisini tulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya, na faili moja la vyumba tulilolitumia sote. Siku moja mimi na dada Eliapenda, wa meza ya pili, tulifungua chumba kilekile kwenye faili hilo kwa wakati mmoja, kila mtu akiandika wageni wake. Yeye akahifadhi kwanza. Nilipohifadhi mimi, kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza kama nifute alichoandika mwenzangu. Sikusoma, nikabonyeza ndiyo. Jioni familia mbili zikashuka kutoka kutazama wanyama kreta, vumbi tupu, na ufunguo ni mmoja.

Eliapenda aliwapa wageni wake chumba alichokuwa akilala yeye pale hotelini, kisha akanigeukia. "Kuanzia kesho, ukitaka kuingia kwenye faili, piga hodi."

Nilidhani ananikejeli. Kesho yake nikasema hodi. Akatoa mikono kwenye kibodi, akajibu, "Karibu." Baada ya wiki ofisi nzima ilikuwa ikibisha hodi.

Sote tumestaafu. Hata leo nikimpigia simu sisemi halo. Nasema hodi, naye hunisubirisha kidogo, kana kwamba anahifadhi kwanza, kabla ya kunikaribisha.

Bibi yako