Swali la Langoni Gongoni

Marahaba, mjukuu wangu Sidi, shikamoo yako imenifikia. Huku Magarini tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Waniambia unatafuta ufadhili wa uzamifu wa takwimu, ila kila profesa unayemwandikia kuomba nafasi hakujibu.

Miaka ya themanini, nikiwa kijana, nilishinda langoni mwa kiwanda cha chumvi Gongoni. Sote tuliokuwa hapo tulisema neno moja: "Bwana, naomba kazi." Msimamizi alitupita kama asiyetuona. Siku moja nikamwuliza, "Mzee, mbona lile bwawa la mwisho la kukaushia chumvi hukauka kabla ya mengine?"

Akasimama. "Umejuaje?"

"Nimekuwa nikiyatazama huku nakungoja."

Akafungua lango, tukaenda kulitazama pamoja. Kazi nilipata hapo.

Basi soma walichoandika hao maprofesa, kisha wapelekee lile swali lako la mvua zinazowahadaa wakulima wetu. Tangu utotoni hukuacha kuliuliza.

Jana jirani kaniuliza kama bado unaomba kazi Nairobi. Nikamwambia, kwa sauti wasikie wote, Sidi wangu haombi. Ana swali, anatafuta wa kulitazama naye.

Babu yako