Namba Saba kwa Jina Langu

Mususa, Butembo

Jumatatu, tarehe 8 Novemba 2021
Hadjara, muuza vitenge wa jumla, ametangaza: anayelipa kwa simu, mzigo wake unatoka kwanza. Majirani wamenijia wakitaka namba za simu. Ila sababu yao halisi si mzigo, ni barabara ya Mutwanga. Solange, anayechuuza vitenge huko, aliisema wazi: batu ba pori bakikuta franga kwa mufuko, banakumaliza, bakikuta telefone tu, banakupiga mbata ya shavu, unapita! Walicheka wote. Mimi sikucheka.

Namba haiandikishwi bila kadi ya uchaguzi, na zao ziliungua au zilipotea wakikimbia vita. Yangu ni nzima, haina doa. Namba saba zimeandikishwa kwa jina langu.

Jumatano, tarehe 10 Novemba
Anayemtumia Solange fedha huonyeshwa kwanza jina langu: KAHONGYA APOLLINAIRE. Herufi kubwa! Mke wangu Emérence ananitania: kumbe wewe ndiye unauzisha bitenge? Nipe basi kimoja. Nakiri kwamba nilifurahi kuliona.

Solange amepanda pikapu ya dereva Moustapha leo, kwenda Mutwanga.

Ijumaa, tarehe 12 Novemba
Pikapu ilisimamishwa na watu wa porini kabla ya Mutwanga. Wanne wamepelekwa porini, Solange pia.

Moustapha alitoroka. Asema hawakupekua mifuko. Walidai simu na kode ya siri. Aliyesahau kode yake — hapo Moustapha akarukia habari ya fedha. Fedha za abiria wote zilielekezwa kwenye simu ya Solange.

Akanigeukia. "Papa Kahongya, kila telefone ilionyesha jina yako."

Jumamosi, tarehe 13 Novemba
Watekaji wamempigia Maliro, mume wa Solange. Dola mia tano, zipitie namba ileile ya Solange, mwisho kesho magharibi.

Nimetunga ombi la kuifunga namba hiyo yenye jina langu. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba..." Sijawahi kuandika barua bora kuliko hii. Nimeiweka mezani.

Maliro alikuja. Akaiona barua, hakuketi: Papa, usifunge. Ni mulango yake moja tu ya kutokea.

Emérence, baada ya kumsindikiza: na wewe, mulango yako ni gani?

Jumapili, tarehe 14 Novemba
Misani hakuna aliyenipa mkono wa amani isipokuwa Emérence.

Saa tisa alasiri. Maliro ana dola mia tatu na themanini. Bado anazunguka kwa ndugu zake.

Saa kumi. Mkuu wa mtaa yupo langoni na askari wawili. Namsikia akimuuliza mwenye namba ya watekaji, akilitamka jina langu lote, bila kosa. Emérence anawachelewesha: donc, basi, mungojee kidogo, anavaa viatu! Kisha kwangu, kwa sauti ya chini — bape barua, baba, bape barua.

Nikiwapa, nitakuwa raia mwema aliyeomba namba ifungwe tangu jana. Itafungwa leo hii, na mlango wa Solange pamoja nayo.

Simu yangu inalia. Ni Maliro: zimetimia, natuma sasa?

Barua ninayo mkononi. Viatu nimeshavaa.