Nati Nne za Baraza la Marijani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Karatu, Wilaya ya Mbulu. Jumatatu, tarehe 8 Agosti 1966, saa tatu asubuhi. Yameandikwa na Koplo Senteu.

Jina: Shaabani Kurwa. Umri: miaka 47. Kabila: Mrangi. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Karatu mjini, nyuma ya soko.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimejileta. Nimekuja kwa sababu fundi seremala Felisiani Bura yuko lokapu tangu juzi kwa kosa ambalo si lake, na kila anayepita sokoni anasema kazi yake ni mbovu. Ni uongo, na anayeueneza anajua ni uongo.

Miaka tisa nimeshona barazani kwa Marijani Jumanne, mwenye duka la nguo. Nyumba ile si yake, amepanga kwa Mzee Naftali wa Daa. Mnamo mwezi wa Septemba mwaka jana Marijani alinunua mabati, akamwita Felisiani aezeke baraza na kuliunga na paa la nyumba. Nilikuwepo siku zote tatu. Marijani alitaka misumari tu, mambo yaishe. Felisiani alikataa. Alisema, “Upepo wa huku ukishuka kutoka Ngorongoro hauna adabu, Bwana Marijani. Nikigongea kwenye ubao wa pembeni, mabati yako utayaokota Mang'ola.” Akainua safu ya mwisho ya mabati ya zamani, akachomeka mapya chini yake ili mvua isirudi ndani. Akafunga mti mrefu ukutani wa kushikia mabati, kwa boliti nne zilizopenya hadi kwenye mbao za paa, kila moja akaikaza kwa nati. Kila msumari aliukunja kwa chini. Masika yote yalipita na bati halikulia hata mara moja.

Mwezi wa Mei Mzee Naftali alimwambia Marijani ahame mwisho wa Agosti, kwa kuwa kijana wake anaoa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Hapa mpangaji akihama huondoka na bati lake, hilo kila mtu analijua. Lakini Mzee alisema bati likishachomekwa chini ya paa lake, limekuwa la nyumba. Marijani akaapa mbele yangu, “Simwachii hata moja.”

Ijumaa tarehe 5 Agosti, saa nane na nusu mchana, tulipotoka msikitini, Marijani alitoa ngazi na spana. Alifungua nati zote nne akazitia kwenye kopo la majani ya chai. Akanyoosha misumari aliyoikunja Felisiani, akaing'oa mmoja mmoja. Kisha akapandisha mawe manane makubwa juu ya mabati ili yatulie. Nilimwambia, “Marijani, upepo huu wa Agosti unauona?” Akacheka. Akasema, “Ni siku moja tu. Jumapili Mzee akiwa misani nayashusha yote, padri hajamaliza hata mahubiri. Wewe shona, Shaabani.”

Nikashona.

Jumamosi tarehe 6, saa saba mchana, jua lilikuwa kali. Hyasinta, mama anayeuza vitunguu vya Mang'ola, alikuwa ameketi na kapu lake barabarani. Ni mimi niliyemwita. Nilisema, “Dada, njoo kivulini.” Alikaa hatua mbili kutoka cherehani yangu. Hazikupita dakika tano upepo ukaingia chini ya mabati, ukayabeba yote kwa pamoja. Mawe yakaanguka. Moja lilimpata Hyasinta begani na jingine kichwani. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Felisiani alisikia kelele akiwa kazini ng'ambo ya barabara, akaja mbio. Alimbeba yule mama mikononi mpaka kwenye gari la kwenda hospitali ya misheni. Aliporudi, shati limelowa damu, Marijani alisimama katikati ya watu akamnyooshea kidole: “Huyu hapa! Ndiye aliyenijengea mtego!” Polisi wakamchukua na shati lile lile. Mimi nilikuwa pale. Nilinyamaza kama mtu aliyejaza maji mdomoni.

Jana asubuhi Marijani alikuja kwangu. Alisema, “Sisi ni ndugu wa msikiti mmoja. Yule atatetewa na padri wao.” Nilimfukuza. Uislamu gani huo wa kumfungisha mtu kwa dhambi yako? Hyasinta mpaka leo hajatamka neno, naye Marijani anapanga nani amtetee nani!

Nendeni mkaangalie. Boliti nne bado ziko kwenye mti, meno yake mazima. Upepo haujui kufungua nati. Kopo liko chini ya meza ya duka, upande wa kulia.

Koplo ameniuliza nilijuaje yote haya nikiwa nimeinamia cherehani. Sikuwa nimeinama. Ile ngazi ni mbovu, haisimami peke yake. Niliishika mimi, tangu nati ya kwanza hadi jiwe la nane. Koplo amenionya kwamba maneno haya yanaweza kunirudia. Yanirudie. Andika.

Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo yalivyo, sina la kupunguza.

(Sahihi) Shaabani Kurwa

Maandishi ya Koplo Senteu: Nilifika dukani saa tano. Boliti nne nimezikuta mtini, meno hayajaharibika. Nati nne nimezichukua ndani ya kopo mbele ya Marijani Jumanne, ambaye sasa yuko mahabusu. Felisiani Bura ameachiwa saa saba mchana. Shahidi, ambaye ameamriwa asitoke Karatu, alikuwa bado kwenye benchi. Alisimama akamnyooshea mkono. Felisiani hakuupokea. Aliniuliza mimi hali ya Hyasinta, nikamwambia amefariki alfajiri. Shahidi naye alikuwa hajaambiwa.