Picha Niliyoigeuza

Jumatatu, 9 Juni
Leo kwenye majadiliano ya kesi nimeumbuka. Mgonjwa dereva wa lori, jino limeoza, anataka litoke. Nikadakia — ling'olewe! Babu akanyanyua mkono taratibu. Babu ni mwanafunzi mwenzetu, ana miaka arobaini na moja, aliosha vyombo vya kliniki miaka kumi kabla ya kupata nafasi chuoni. Akauliza kama nimeona dawa anazotumia. Ya kuzuia damu isigande! Ukurasa wa pili wa faili. Sikuufungua. Jaji — ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu — akasema nimeshaua mtu hata chai sijanywa. Darasa likaangua kicheko. Babu hakucheka. Akanifuata nje: "Usijali, mdogo wangu. Kuteleza si kuanguka." Huruma yake ndiyo imenikera zaidi.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwigiza Babu anavyosoma faili, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Wenzangu hoi! Kumbe kasimama mlangoni. Akakaa, akatoa daftari. Nikaendelea.

Alhamisi, 12 Juni
Kesi ya leo: fundi cherehani, mama wa miaka sitini. Taya lote la chini linauma, jino lenyewe hawezi kulionyesha. Magego mawili, kulia na kushoto, yote yalizibwa zamani. Picha ya eksirei ndiyo ya kuamua. Ilikuja moja kwa moja darasani, hata Jaji hajaiona. Kuibandika kwenye kisanduku cha taa nikapewa mimi. Nikaigeuza! Kushoto kukawa kulia. Klipu ikafunika herufi inayoonyesha upande.

Zamu ya Babu. Akatazama weee, akasema usaha uko kwenye mzizi wa gego la kulia, halifai tena, litoke. Nilikuwa nimejipanga: akimaliza tu, naigeuza picha, wanamcheka mpaka basi.

Jaji akampigia makofi. Eti hivyo ndivyo daktari anavyoamua, na wengine tujifunze — macho kwangu. Akaandika kwenye faili: gego la kulia. Kesho Babu aling'oe mwenyewe.

Sikuthubutu kuigeuza. Picha nikairudisha kwenye bahasha. Si watamgonga meno kwanza, wajue lipi linauma? Watajua tu. Wana macho.

Ijumaa, 13 Juni
Niko kwenye benchi nje ya chumba cha tatu. Mlango uko nusu wazi. Jaji yuko dirishani na simu yake. Babu amemgonga fundi magego yote mawili. Hapa, mama? Ndiyo, mwanangu. Na hapa? Na hapo pia. Mama wa kuitikia kila kitu! Bahasha haijafunguliwa. Wamesoma faili.

Sindano imepigwa. Kulia. Ganzi hukolea baada ya kama dakika tano. Zimepita tatu.

Binti wa fundi amekaa pembeni yangu, amekumbatia mkoba wa mama yake. Kaniuliza kama yule kaka anaijua kazi. Nimemjibu kuliko sisi sote. Akashusha pumzi.

Nikisimama, chuo nimekiaga. Nikikaa, atakayekiaga ni Babu. Ana watoto watatu. Mimi nina miaka ishirini na mbili — nianzie wapi tena?

Babu ameniona. Ananiita kwa mkono, nikamshikie taa. Nimenyanyua daftari: nina kazi.

Ametabasamu. Anavuta trei ya koleo.