Ilikokwenda Dawa ya Boila

UMOJA WA FAMILIA TUSAIDIANE
Buffalo – Columbus – Louisville

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI, JUMAMOSI TAREHE 18 JANUARI 2025, NYUMBA YA UMOJA, BUFFALO

Waliohudhuria:
Bw. Polycarpe Bisimwa – Mwenyekiti
Bw. Cikuru – Mwangalizi wa Nyumba
Bw. Précieux – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Waliohudhuria kwa simu:
Bw. Karekezi – Mjumbe wa Louisville
Bi. Mumbua – Mjumbe wa Columbus

Waalikwa:
Bw. Jules – mpangaji wa nyumba hii pamoja na mkewe Clémence
Mama Nsimire – anayewakanda wazazi wa jumuiya yetu baada ya kujifungua

Asiyehudhuria:
Bw. Sebagabo. Hakutoa udhuru, kama ilivyo desturi yake.

KUMB. NA. 1/01/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na nusu alasiri kwa sala aliyoifupisha kwa sababu ya baridi. Wajumbe walikaa na makoti na kofia zao ndani ya nyumba. Katibu ameandika amevaa glavu, kwa hiyo asilaumiwe kwa mwandiko.

KUMB. NA. 2/01/2025: HALI YA NYUMBA

Mwenyekiti alieleza kwamba nyumba haina joto tangu Jumatano. Aliwakumbusha walioko miji mingine kwamba nyumba hii ni ya zamani na haipulizi hewa ya moto kama za kwao. Kuna boila chini, kwenye selo, yaani chumba kilicho chini ya nyumba. Inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye vyuma vya ukutani, kisha maji yaleyale yanarudi kuchemshwa tena. Maji hayo hayatoki. Yanazunguka miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana vyuma vinaliwa na kutu kwa ndani.

Aliendelea kueleza kwamba kwa sababu hiyo kamati iliamua mwezi wa kumi maji ya zamani yamwagwe, mabomba yasafishwe na dawa ya kuzuia kutu iwekwe. Bw. Cikuru alikabidhiwa kazi hiyo na akaripoti kwamba ameimaliza.

Bw. Cikuru alisoma taarifa ya fundi aliyekuja Alhamisi. Fundi alifungua bomba, likatoka tope jeusi zito kama uji ulioungua. Alichovya karatasi yake ya kupimia kwenye maji akakuta hamna dawa hata kidogo. Pampu imesakamwa na tope hilo, na tumbo la boila limetoboka. Haitengenezeki. Fundi alikataza pia kutumia hita za umeme za kupashia chumba joto, kwa sababu nyaya za nyumba ni kuukuu na zitawaka moto.

Mwenyekiti alisema wazi kwamba boila mpya haitapatikana majira haya. Kwa hiyo swali mbele ya kikao ni moja: Clémence amejifungua wiki tatu zilizopita, na kwa siku tatu sasa mtoto analala kati ya baba na mama yake chini ya mablanketi yote ya nyumba. Watu hawa waende wapi?

Hapa Bw. Karekezi alidakia kwa simu akitaka kwanza ijulikane nani ameua boila. Mwenyekiti alimwomba asubiri zamu yake. Hakusubiri.

KUMB. NA. 3/01/2025: DAWA ILIKOKWENDA

Bw. Karekezi alisema dawa haiwezi kuyeyuka hewani. Alisema: "Mimi Louisville nilisema toka mwanzo, nyumba inunuliwe huku South End, mkanicheka eti tunapenda makubwa. Bon. Sasa mwulizeni Cikuru ile dawa aliuzia nani."

Bw. Cikuru alisimama. Alitoa simu yake akaonyesha picha akiwa selo, ameshika kopo la dawa juu ya mdomo wa bomba. Bw. Karekezi alijibu kwamba picha inaonyesha kopo, haionyeshi kilichomo. Bw. Cikuru alisema maneno ambayo Katibu hakuyaandika. Mwenyekiti aligonga meza mara kadhaa.

Bi. Mumbua aliuliza kama boila ilikuwa inavuja mahali. Alisema: "Maji ikitoka, ingine inaingia. Si hiyo system inajijaza yenyewe? Basi dawa inatoka pole pole na hamjui." Bw. Cikuru alithibitisha kwamba kweli kuna valvu inayojaza maji mapya yenyewe, ila alikagua sakafu ya selo kila wiki na ilikuwa kavu kabisa.

Bw. Karekezi alisema, "Haya, si mmesikia? Kavu!" Akapendekeza Bw. Cikuru asimamishwe uangalizi na jina lake litangazwe kanisani. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayeunga mkono. Hakuna aliyesema ndiyo, lakini pia hakuna aliyesema hapana, na Bw. Cikuru aliliona hilo. Alikaa chini akavua kofia. Alisema amekaa Amerika miaka tisa akipakua makontena, hajachukua hata sabuni ya mtu.

Ndipo Mama Nsimire aliomba kusema. Katibu anayaweka maneno yake yalivyotoka:

"Muache Cikuru. Ni miye njo nilikuwaka natosha ile maji. Kule chini, kwa ile robinet ya boila. Kila mzazi mwenye alipita kwa hii nyumba, nilimukanda na ile maji, asubui na mangaribi."

(Kwao kutosha ni kutoa, na robinet ni bomba.) Mwenyekiti alimwomba aeleze taratibu.

Mama Nsimire alieleza kwamba mzazi anakandwa kwa maji yanayounguza, si ya uvuguvugu. Maji ya bomba la bafu hayafiki hapo. Jiko la juu lina jicho moja tu linalowaka, na ukiweka sufuria moja mzazi anashikwa na baridi kabla maji hayajachemka. Siku moja mwezi wa kumi na moja alishuka selo kutafuta beseni, akagusa lile bomba dogo chini ya boila, likamchoma. Alimshukuru Mungu. Tangu siku hiyo wanawake walishuka na ndoo. Sakafu ilikuwa kavu kwa sababu yeye ni mtu msafi, anapiga deki akimaliza.

Bw. Cikuru aliuliza, kwa sauti ya chini, kama maji hayo hayakuwa meusi. Mama Nsimire alijibu kwamba ya kwanza yalikuwa meusi. Kwa hiyo waliyaacha yamwagike kwanza, ndoo nzima, wakati mwingine mbili, mpaka yawe safi.

Bw. Cikuru alifunika uso kwa mikono. Alisema, "Mama, ulikuwa unamwaga dawa."

Mwenyekiti aliuliza kwa ukali kwa nini kamati haikuambiwa. Mama Nsimire alijibu kwamba mwanaume haingii mahali mzazi anakandwa wala haulizi, sasa yeye angeanzia wapi? Kisha naye akauliza lake: "Ile siku mulikuwa munasema mambo ya dawa hapa kwa salon (sebuleni), sisi tulikuwa jikoni tunabapikia fufu. Donc, tulileta sahani, tukatosha sahani. Nani alituambia?"

Mwenyekiti alisema kumbukumbu za mwezi wa kumi zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Katibu anathibitisha kwamba zilitumwa. Mama Nsimire hayumo kwenye kundi hilo, na hakuna mwanamke wa Buffalo aliyemo.

Bw. Karekezi aliulizwa kama anafuta maneno yake juu ya Bw. Cikuru. Alisema mtandao wa Louisville ulikuwa unakatika. Alipoulizwa tena alisema amefuta. Kuomba msamaha hakuomba.

KUMB. NA. 4/01/2025: SWALI LA CLÉMENCE

Sakafu ya juu ni mbao tupu na kila neno hupanda. Clémence alishuka akiwa na mtoto kifuani, amemfunga kwa kitenge juu ya koti. Hakuwa mwalikwa. Hakuna aliyemwambia atoke.

Aliuliza hiyo dawa ni ya nini, na kama imeingia mwilini mwake. Aliuliza pia kama imeingia kwenye maziwa.

Mwenyekiti alimtazama Bw. Cikuru, Bw. Cikuru akamtazama Katibu. Jumuiya nzima ya watu wazima, wengine na diploma zao, na hakuna aliyewahi kusoma kopo.

Bi. Mumbua alisema, "Ai jamani! Nitumieni picha ya hiyo kopo sai." Ilitumwa. Aliisoma, akapiga simu ya watu wanaojibu maswali ya sumu, akawaunganisha wote wasikie. Muuguzi aliuliza maswali mengi na Bi. Mumbua akatafsiri. Jibu lilikuwa kwamba dawa hiyo ikinywewa ni hatari, ila kwa ngozi, ikiwa imechujuka hivyo, haitarajiwi kufika kwenye maziwa. Clémence aoge kwa maji safi, na Jumatatu yeye na mtoto waonwe na daktari. Wazazi wengine waliopita hapa wapigiwe simu pia.

Mama Nsimire alisema atawapigia mwenyewe. Kisha alisema hatamgusa mzazi tena maisha yake yote. Clémence alimwambia, "Mama, usiseme vile. Hapa sina mama mwingine." Mama Nsimire alilia, na kikao kilisimama kwa muda.

Pendekezo la kumpa Mama Nsimire barua ya onyo, lililotoka Louisville, halikuungwa mkono. Mwenyekiti alisema hawezi kutia sahihi barua hiyo, kwa sababu mke wake alikandwa na mikono hiyohiyo.

KUMB. NA. 5/01/2025: WAPANGAJI WAENDE WAPI

Ilikubaliwa kwamba nyumba ifungwe Jumatatu, maji yote yatolewe kabla mabomba hayajaganda na kupasuka, na mlango utiwe kufuli mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Hakuna aliyesema lini.

Mwenyekiti aliuliza wajumbe wa Buffalo nani anaweza kuwapokea watu watatu. Yeye mwenyewe amelaza mama mkwe na shemeji sebuleni. Bw. Cikuru ana watoto sita katika vyumba viwili. Katibu alieleza hali yake pia, na haina haja ya kuandikwa. Bw. Cikuru alisema mtu mmoja anaweza kulala kwenye kochi lake, ila mmoja tu, na awe mwanaume.

Bw. Karekezi aliulizwa kuhusu Louisville. Alisema atauliza watu. Tunajua maana yake.

Bi. Mumbua alisema anaishi Columbus, karibu na Morse Road, na wauguzi wanne wa Kikenya, wote wanawake, na kuna chumba kidogo kimeachwa wazi. Alisema: "Mama na mtoto, waje hata leo. Joto iko. Lakini mzee wake hapana, hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na si mimi niliweka."

Bw. Jules aliombwa maoni. Alieleza kwamba kazi yake iko kiwandani Tonawanda, karibu na hapa, na bima ya mkewe na mtoto inatoka kwenye kazi hiyo. Akiiacha kwenda Columbus, Jumatatu hiyohiyo hakuna daktari. Alikumbusha kamati kwamba yeye alitangulia kuja Amerika na Clémence akabaki kambini Nyarugusu miaka sita. Aprili iliyopita ndipo alimpokea uwanja wa ndege hapa Buffalo. Wajumbe waliokuwepo siku hiyo wanakumbuka, tulipiga vigelegele hata polisi wa uwanja akaja kuangalia.

Mwenyekiti alisema ni kwa muda tu. Bw. Jules alisema kambini pia waliambiwa ni kwa muda tu.

Hakukuwa na pendekezo lingine. Iliamuliwa kwamba Clémence na mtoto waende Columbus Jumatatu baada ya daktari, kwa gari la Mwenyekiti, na Bw. Jules ahamie kwa Bw. Cikuru. Bi. Mumbua aliahidi kutafuta mama wa kumkanda Clémence kwa siku zilizobaki. Alisema hajui kama atampata. Wauguzi anaoishi nao wamezaliwa Nairobi, na wao wanamwambia mzazi ameze dawa ya maumivu apumzike.

KUMB. NA. 6/01/2025: MENGINEYO

Bw. Jules aliomba iandikwe kwamba yeye hakupinga uamuzi wa kamati.

Clémence aliomba iandikwe kwamba yeye amepinga. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba mpangaji hana kura. Clémence alisema anajua hana kura, na iandikwe vilevile.

Imeandikwa.

KUACHANA

Wajumbe waliachana saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Hapakuwa na sala ya mwisho, kwa kuwa aliyepangiwa kuomba alikuwa Mama Nsimire, naye alisema hawezi.

Mwenyekiti: Polycarpe Bisimwa (sahihi)

Katibu: Précieux (sahihi)