Mstari Ulioruka

Mjukuu wangu Magesa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Nyasho tu wazima, na shangazi yako wa Guta ameshavuna mihogo. Mungu ametukumbuka.

Unasema mnunuzi wa mtandaoni anaitilia shaka sahihi ya yule mwimbaji kwenye jalada la santuri nililokupa uniuzie. Ati mstari wa mwisho umeruka, haufanani na sahihi zake nyingine. Unaniuliza kama kweli ni yake.

Ni yake. Wakati huo nilikuwaga namfukuzia bibi yako, anauza dagaa sokoni Musoma. Siku bendi ilipokuja mjini, mwimbaji akapita pale kutafuta kitoweo, nami nikamwomba anisainie jalada. Meza yote dagaa. Bibi yako akainama, akamwambia, "Andikia hapa mgongoni, kaka." Kalamu ikamtekenya, akacheka mpaka akatikisika, na mstari ukaruka. Lile doa la mafuta pembeni ni la vidole vya bibi yako.

Mwambie mnunuzi hivyo hivyo, usitie chumvi. Na wewe ukinunua kitu chenye sahihi, uliza iliandikiwa wapi, nani alikuwepo. Sahihi zinazofanana zote kama muhuri, hizo ndizo za kuogopa.

Kisha umshukuru sana kwa shaka yake, umwambie jalada haliuzwi tena. Tangu tumzike bibi yako nimekuwa nikikitafuta kicheko chake, kumbe kipo hapo, kwa wino.

Lirudishe nyumbani, baba.

Babu yako