Grupu Lisilo na Salamu

Jumapili

Na mimi niliyejisifu kwamba grupu limetulia! Nilipiga marufuku salamu kwenye grupu letu la mtandaoni, la wazazi na vijana wanaoomba vyuo, ili maswali yasifunikwe.

Leo baada ya misa nimekutana na Mama Neema wa Mshangano. Dirisha la maombi ya vyuo lilifungwa juzi, na Neema hajaomba. Mfumo uliikataa namba yake ya mtihani.

“Mbona hukuuliza kwenye grupu, mama?”

“Mwalimu, nitaanzaje kueleza shida yangu sijasalimia watu?”

Kurekebisha namba ile lilikuwa jambo la dakika moja tu. Kesho naifuta ile sheria, lakini Neema…

Na kabla ya kuniambia hayo yote, alinisalimia vizuri, akaulizia hadi kuku wangu.